Ng'ombe wa Akinyi Alivyopita Kwenye Gurudumu

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nilipoteza nyumba yangu ya Chepsaita, ghala la mahindi, na mke wangu Akinyi, aliyeugua kifua kambini tulikokimbilia. Watu wake walimzika kwao, karibu na ziwa. Barabara zilikuwa zimefungwa, sikufika. Kaka yake Odhiambo, fundi wa mawe aliyekuwa akiishi nasi, alihamia mtaa wa Huruma, Eldoret, na hakukanyaga Chepsaita tena.

Katika mahari ya Akinyi alibaki ng'ombe mmoja ambaye sikuwa nimemtoa. Bila huyo, ningesimama kaburini kwake kama mgeni tu. Miaka minne baadaye, nilipouza mahindi, niliamua kumtoa. Usafiri wa ng'ombe hai ni ghali, kwa hiyo nilimbeba mfukoni: shilingi elfu ishirini za kumpa Odhiambo ampelekee mama yao.

Asubuhi nilipanda trela ya trekta iliyokuwa ikipeleka mahindi mjini, nikakaa juu ya magunia. Dereva aliniuliza mbona nimeshika koti hivyo. Nikamwambia nimebeba ng'ombe.

"Basi mshike vizuri," akasema. "Asinikojolee mahindi."

Kule Huruma, Odhiambo alinipikia chai, akazihesabu pesa.

"Shemeji, ng'ombe mmoja atasikia upweke. Wacha tumfanye wawili."

Akaniambia habari za kasino moja mjini, yenye gurudumu la rangi nyekundu na nyeusi, na kigololi kinachokimbia juu yake mpaka kitue kwenye rangi moja. Ukiweka mia kwenye nyekundu na itokee, unapata mia juu. Isipotokea, unaweka mia mbili, halafu mia nne, unaongeza maradufu hivyo hivyo. Siku nyekundu ikitoka, inarudisha zote ulizopoteza, na mia ya faida.

"Mimi ningeongeza mia moja tu kila nikipoteza," nikasema, "na nikishinda nipunguze mia."

"Hiyo ni njia ya mkulima. Itatuchukua mpaka masika."

Tulijaribu njia zote mbili kitandani, kwa maharagwe na sarafu ya kurusha. Zote zilishinda. Kufikia saa sita nilikuwa tajiri wa maharagwe. Nikakubali, kwa sababu sikuwa nimeomboleza pamoja na mama mkwe wangu, na ng'ombe wa pili angesema pole niliyoshindwa kusema.

Mchana tulipanda ngazi za kasino, juu ya duka la viatu. Tulibadilisha ng'ombe akawa vipande vya plastiki. Odhiambo alichagua nyekundu, rangi ya sweta ya dada yake. Mara tatu za kwanza tulishinda.

"Ameota mikia mitatu," akaninong'oneza.

Kisha ikaja nyeusi. Mia yetu ikaenda, na mkia mmoja nayo. Mia mbili, masikio. Nyeusi. Mia nne, kwato. Nyeusi.

"Usijali," nikamwambia, maana sasa nilikuwa nimechangamka kumshinda. "Nyekundu imelazwa kama shamba. Ikipumzika hivi, mavuno yake ni makubwa."

Msichana aliyezungusha gurudumu alinitazama kwa huruma. "Mzee, hili si shamba. Halikumbuki limetoa nini."

Mia nane, shingo. Nyeusi. Elfu moja mia sita, kichwa. Kigololi kikaketi kwenye sifuri ya kijani, ambayo hatukuwa tumeiuliza ni ya nani. Ilikuwa ya wenye kasino. Elfu tatu mia mbili, miguu ya mbele. Elfu sita mia nne, mapaja yote mawili. Nyeusi, nyeusi.

Odhiambo alitaka kuongeza maradufu tena. Msichana akamwonyesha kibao: meza ile haipokei zaidi ya elfu kumi. Na sisi tulibaki na elfu saba mia sita.

"Basi tuweke hiyo yote, Shemeji. Inatoka sasa."

Nilifunika vile vipande kwa mkono. "Huyu aliyebaki hapa ni ng'ombe wa dada yako. Twende na kidari chake."

Njia yangu pia ingepoteza siku ile, ila polepole.

Nje, Odhiambo alimpigia mama yake simu akamwambia yote bila kuficha, nami nikiwa nimeinamisha sikio karibu.

"Ng'ombe alikufia mkononi mwa nani?" Mama akauliza.

"Mwangu, Mama."

"Wewe si ndiye uliyempokea? Basi hajafika kwangu, na huyo mkwe asidaiwe mwingine. Nunueni ndama jike. Atakulia kwa mkwe. Wewe utamlisha, na akizaa, mje naye nyinyi wawili, kwa miguu yake. Ng'ombe wangu haingii mfukoni."

"Atakulia Chepsaita, Mama?"

"Kwani dada yako aliishi wapi?"

Siku ya pili tulipata ndama mwekundu mnadani, akatubakizia pesa ya chumvi. Jioni tukarudi na lile trekta, trela sasa ikiwa tupu. Dereva alimtazama ndama.

"Alikuwa ng'ombe jana. Mlimfanya nini?"

Odhiambo alicheka mpaka mji wa Turbo. Baada ya hapo alishika tu kamba ya ndama.

Kwangu, pale nyumba ilipokuwa, nimejenga chumba kimoja cha mabati. Odhiambo alisimama nje ya lango, kamba mkononi, akiangalia msingi wa mawe alioujenga yeye mwenyewe. Nilifungua lango, nikasimama kando. Ndama aliona nyasi ndani, akavuta kamba, akaingia naye.