Mtoto wa Karibu na Mlango

Saa mbili na nusu asubuhi, mvua inapiga bati la darasa na hakuna anayemsikia mwenzake. Scola Ininahazwe hahangaiki kupaza sauti. Anapita kati ya magogo wanayokalia watoto, anachuchumaa nyuma ya mmoja, anaufunika mkono wa mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na wanaandika pamoja. Duara, halafu mkia. Herufi a. Anahamia kwa mwingine.

Ni darasa la kwanza, katika kambi moja ya wakimbizi wa Burundi mkoani Kigoma. Watoto wamepita mia, na penseli zimekatwa nusu ili zitoshe. Scola, mwenye miaka ishirini na mitatu, ni mwalimu mwanafunzi. Leo mkufunzi wake amekaa mwishoni mwa darasa kumkagua kwa mara ya mwisho. Akishindwa leo, ualimu basi.

Andalio la somo analo, na limeandikwa vizuri. Kinachomtoa jasho ni msichana wa miaka saba aliyekaa karibu na mlango. Tumemwita Iradukunda, ingawa si jina lake.

Scola alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kwenye kilima kisicho mbali na Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015, jioni wakiwa mezani, vijana wenye marungu waliingia uani na kumchukua kaka yake, Petero. Mpaka leo hajaonekana.

"Vijana wale hawakuwa wa kwetu, wasingeijua nyumba," anasimulia. "Jirani yetu ndiye aliyewafikisha. Nilimwona kwa macho yangu amesimama kwenye ua."

Familia iliteremka ziwani usiku huo huo, ikavuka kwa mtumbwi hadi ufukwe wa Tanzania. Meli ilipokuja kuwachukua kuwapeleka Kigoma, mama yake alikataa kupanda. Alitaka kwanza kuangalia kila mtumbwi unaoingia, pengine Petero yumo. Ilibidi abebwe.

Jirani yule naye baadaye mambo yalimgeukia, akakimbia kwa njia ile ile. Kambi haimuulizi mtu alimfanyia nini mwenzake. Wiki saba zilizopita, siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha ya Scola, jirani huyo alimleta binti yake hadi mlangoni mwa darasa. Binti huyo ni Iradukunda.

"Alinipa mkono kwa heshima, wa kulia ameushika kwa wa kushoto, kama tufanyavyo kwetu," anasema Scola. "Nilijifanya natafuta chaki."

Mwandishi alimtafuta baba huyo, ambaye hatumtaji. Anakiri jambo moja tu. "Niliulizwa kwa Petero ni wapi, nikapelekwa nioneshe, nikaonesha. Watoto wangu walikuwa ndani. Wewe ungefanyaje?" Mwandishi aliaga.

Tangu siku ile, Scola hakumpiga Iradukunda wala kumtukana. Alimruka tu. Aliwashika mikono watoto wote waliomzunguka, na mkono wa huyu hakuugusa.

"Chuoni tuliandika sifa za mwalimu. Awahi, awe nadhifu, awe mvumilivu, asibague," anasema, na kicheko chake hakina furaha hata kidogo. "Mtihani ule niliupata wote."

Aliyegundua ni mkufunzi mwenyewe, Castory, mwalimu mstaafu anayekuja kwa basi kutoka Gungu, mjini Kigoma. Yeye ni Muha, na lugha yake inakaribiana na Kirundi, kwa hiyo maneno ya watoto yanamwingia bila mkalimani. Katika ukaguzi uliopita alizunguka kutazama madaftari. Herufi za watoto wote zilikuwa za mkono mmoja, mkono wa mwalimu wao. Za Iradukunda zilikuwa mikwaruzo.

"Binti, somo lako zuri," alimwambia Scola walipotoka nje. "Sasa yule wa karibu na mlango ni mwanafunzi wa nani?"

Scola alimweleza yote, na alipomaliza alikuwa analia. Mzee alimpa pole. Kisha akamwambia kwamba alama ya kufeli aliyompa siku hiyo inabaki na kwamba atarudi baada ya wiki mbili.

Wapo waliomwona Castory mkatili. Hata mwandishi alimwona hivyo. "Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula," anasema mzee. "Lakini ningemfutia alama ile, ningekuwa nimemruhusu kuchagua watoto. Hapa kambini kila mtoto ana baba, na kila baba ana mtu anayemlaani."

Scola alifikiria kuacha. Posho ya mwalimu wa kambini haifiki hata katikati ya mwezi, na wenzake kadhaa wameshaondoka wakalime vibarua. Mama yake ndiye aliyemsihi aendelee. Mama huyo hajui mpaka leo ni mtoto wa nani anayefundishwa na binti yake.

Mvua inapungua. Scola amebakiza safu ya mlangoni. Anafika mbele ya Iradukunda na kusimama.

Mtoto anainua macho, anamwona mwalimu, na anafanya alichozoea kufanya wiki zote hizi. Anakunja miguu na kujibana ukutani, ili mwalimu apate njia ya kwenda kwa mwingine.

Scola hapiti. Anachuchumaa, anaomba mkono. Mtoto hajui atoe upi. Hatimaye wanaandika herufi moja, imepinda, mkia mrefu kuliko duara. Wanaandika ya pili.

Castory alimpitisha, kwa alama za wastani. Hakukuwa na shangwe. Baada ya kipindi Scola alikaa peke yake nyuma ya darasa, analia wala hajifichi.

"Mama akijua, sijui kama atakula tena chakula nilichokipika," anasema.

Mwakani angeweza kuhamishiwa shule nyingine ndani ya kambi, mbali na familia ile, na Castory alikuwa tayari kumwombea. Amekataa. Ameomba apande na watoto hawa hawa hadi darasa la pili.

"Watu watasema nimemsamehe baba yake. Sijamsamehe, na sijui kama nitaweza," anasema. "Nataka tu mtoto asinipishe tena."