Jiwe la Ngomeni

Nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja Mjerumani nyumbani kwake Grand Prairie: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia. Alikuja Texas akiwa bibi harusi, hakuondoka tena. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Moshi, bibi alinisihi nimlete, nisimwache peke yake kutwa.

Wakakaa mezani na chai, mimi katikati nikitafsiri. Ukutani palikuwa na picha ya ngome iliyobomoka juu ya kilima, umebaki mnara mmoja tu.

"Hapo ndipo kwao?" mama akauliza.

Bibi akacheka. Kwao ni kijiji cha chini ya kilima. Ngome ilijengwa na mabwana waliotoza ushuru kila aliyepita bondeni. Vita vya zamani vikaichoma, mabwana wakahama, na wanakijiji wakaanza kupanda na mikokoteni kuchota mawe. Wakajengea mazizi, visima, hata ukuta wa kanisa. Baadaye serikali ikapiga marufuku.

"Jiwe la mwisho alilichukua baba yangu," akasema, sauti imeshuka. Mara baada ya vita kuu vya pili, bibi akiwa bado mtoto, mdogo wake wa miaka mitatu alikufa kwa homa. Hawakuwa na kitu cha kuweka kaburini. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, baba akapanda na toroli, yeye bibi akisukuma nyuma. "Sijawahi kumwambia mtu. Ulikuwa wizi."

Nikatafsiri, mama akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mwambie baba yake alifanya vema. Mwambie mimi wangu sikumwekea kitu."

Hilo sikulitafsiri. Nilijua nilikuwa na kaka aliyenitangulia, akafa mdogo, ila nyumbani hatukumtaja kamwe.

"Mama, kaburi lake liko wapi?"

"Nyuma ya migomba, mwanangu. Nalijua mimi tu sasa."

Bibi hakuelewa neno, lakini alinyoosha mkono akaushika wa mama. Wakakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Mama alirudi nyumbani mwezi uliofuata. Haikupita muda akanitumia picha, na chini yake jina la kaka: migomba imefyekwa kidogo, mjomba ameweka jiwe la mtoni, mama amesimama kando na kanga mpya. Nikampelekea bibi, nikamweleza ni kaburi la kaka yangu. Akavaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, akatazama sana.

"Aliitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia jina, akalikosea, akalirudia tena mpaka akalipata.