Mama Eleni na Ngano ya Makaburini

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Mbeya alichemsha ngano. Aliichemsha nzima, bila kuisaga, akatia sukari na mdalasini, eti daktari amemwambia apunguze ugali. Kuhusu sukari daktari hakusema chochote, au labda jirani hakusikia, maana namjua. Harufu ikaruka ukuta ikanikuta nimekaa barazani nachambua mboga. Nikaziacha mboga. Mwanangu aliporudi alinikuta nafuta machozi, akauliza kwa hofu kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa, ila ni zamani sana.

Ngano ya namna ile niliila mara ya kwanza makaburini, kule Iringa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na miaka minane. Najua mnashangaa. Hata kwetu mtoto aliyelelewa hali makaburini. Nivumilieni nieleze.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Tulikaa Kihesa, na kila asubuhi alikwenda mjini na nyundo na tindo zake ndani ya mfuko wa gunia, kutunza makaburi ya Wazungu na kuchonga majina ya waliokuwa wanaongezeka. Jumamosi sikuwa na shule, kwa hiyo Mama alinituma nimpelekee chakula cha mchana, viazi na maharage kwenye kibakuli kilichofungwa kitambaa. Safari ile niliipenda kuliko Krismasi.

Makaburi yale yalizungushiwa ukuta wa mawe, na ndani kulikuwa na miti mirefu myembamba iliyonukia ukiikata majani. Wajerumani walilala upande mmoja, Waingereza upande mwingine. Walipigana vita wakauana, sasa wamekuwa majirani wasioombana hata chumvi. Kulikuwa na Wapolishi pia, waliokimbizwa na vita ya pili wakaletwa kambini huku kwetu, kisha wenzao wakaondoka na kuwaacha. Majina yao yalikuwa na herufi nyingi zilizobanana bila irabu, nami nikaamini kabisa kwamba watu hawa walikufa kwa kuchoka kujitambulisha.

Lakini waliojua kujenga walikuwa Wagiriki, wale wa mashamba ya tumbaku. Makaburi yao yalikuwa nyumba. Yalikuwa na nguzo, na kipaa kidogo, na marumaru nyeupe iliyobaki baridi hata jua la mchana likiwaka. Mbele waliweka picha ya marehemu nyuma ya kioo, na chini ya picha taa ndogo ya mafuta. Nikamwambia Baba kwamba nami nikifa anijengee ile yenye nguzo. Akanijibu nianze kwanza kujifunza kufagia hii tuliyonayo.

Sasa niwaambie jambo la nyumbani kwetu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa nilichokifanya.

Mimi sikuwa kifungua mimba. Kabla yangu alikuwapo kaka yangu Daudi, na Mama alijulikana Kihesa nzima kama Mama Daudi. Daudi alikufa kwa surua akiwa na miaka saba, miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia. Alizikwa pembeni ya shamba, mawe mawili yakawekwa, moja kichwani na moja miguuni. Matanga yalipokwisha, Bibi, mama yake Baba, aliwaita wanawake wote wa mtaa akawaambia mbele yangu, "Lile jina mliache. Mkimwita hivyo mnamtonesha kidonda. Mwiteni kwa huyu aliyebaki."

Huyu aliyebaki ndiye mimi. Kesho yake wakaanza kumwita Mama Lusia. Walimwita hivyo kisimani, kanisani na shambani, na kila walipoita mimi niliona haya, kana kwamba nimevaa nguo ya mtu mbele ya mwenyewe. Na Mama hakuitika upesi. Alikuwa anachelewa kidogo, kama mtu anayesubiri kuona labda anaitwa mwingine. Wanawake wakanong'ona kwamba kilio kimemziba masikio. Jina la Daudi halikutajwa tena ndani ya nyumba ile, na Baba naye akalifuata neno la mama yake.

Turudi makaburini. Kila Jumamosi alikuja mama mmoja wa Kigiriki, amevaa nguo nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Shamba lao lilikuwa njia ya kwenda Idodi. Watu wote, Baba akiwemo, walimwita Memsabu. Alikuja kwenye kaburi la mtoto wa kike, akajaza mafuta kwenye taa, akafuta kioo cha picha kwa mate na kitambaa, akakaa. Baba ndiye aliyechonga maandishi ya kaburi lile, kwa kunakili kutoka kwenye karatasi, maana herufi za Kigiriki hakuzijua. Siku moja nikamuuliza limeandikwa nini. Akasema, "Eleni. Alikuwa wa miaka sita. Homa."

Niliitazama picha ile sana. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka na amepungukiwa meno mawili ya mbele. Msinicheke, lakini kwa akili yangu ya wakati ule Eleni hakuwa amekufa kama Daudi. Daudi hakuwa na picha, wala taa, wala jina, kwa hiyo hakuwapo. Eleni alikuwa na vyote vitatu. Wakati ule niliona ni mtoto aliyehamia nyumba nyingine tu.

Basi Jumamosi iliyofuata yule mama alipopita karibu nami, nilipiga goti kama nilivyofundishwa, nikamsalimu kwa Kihehe kama anavyosalimiwa mtu mzima mwenye mtoto.

"Kamwene, Mama Eleni."

Nyundo ya Baba ilinyamaza. Yule mama alisimama palepale na sahani yake iliyofunikwa. Baba akaja mbio, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi.

"Lusia! Umesema nini wewe? Samahani, Memsabu. Samahani sana. Mtoto huyu hana akili."

Nilielewa mara moja. Nilikuwa nimemtonesha kidonda. Kosa lilelile Bibi alilolikataza, mimi nimelifanya kwa Mzungu, na kazi ya Baba ilikuwa mikononi mwa Wazungu hao.

"Wewe nyamaza, fundi," yule mama akasema taratibu. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Sema tena."

Nikamtazama Baba.

"Hapana ogopa. Sema."

"Mama Eleni."

Akakaa kwenye ukingo wa kaburi, akalia. Alilia bila kuficha uso, na katikati ya kilio alikuwa anatikisa kichwa kunikubalia. "Bwana yangu hapana taka sikia hii jina," akasema. "Miaka mbili sasa. Nyumba yote kimya. Mimi nakuja hapa, nasema peke yangu, kwa mawe."

Alipotulia alifunua sahani. Ndiyo hiyo ngano, nzima, imechemshwa na sukari na mdalasini na zabibu kavu. Akachota akaniwekea kiganjani. "Hii ya Eleni. Kula, halafu sema Mungu lalisha yeye vizuri." Baba alikunja uso, kisha nikamsikia akijisemea, "Kumbe nao wanatambika." Naye akakinga mkono.

"Na mama yako," yule mama akaniuliza, "watu naita yeye nani?"

"Mama Lusia," nikasema. Sijui ni utamu wa ile ngano, sijui ni nini, nikaongeza, "Zamani Mama Daudi."

Baba hakunikaripia. Aliondoka akaenda mpaka mwisho wa ukuta, kwenye ndoo yake ya maji. Nilimfuata kwa macho. Akachovya kidole majini, akaandika kwenye bamba la jiwe lililokuwa limeegemezwa pale, D, kisha A, kisha U. Jua lilikuwa kali. Alipofika kwenye D ya pili ile ya kwanza ilikuwa imekauka. Akachovya tena akaanza upya, mara tatu au nne, halafu akachukua nyundo akarudi kwenye kazi ya watu. Aliyechonga majina ya Wajerumani, Waingereza na Wagiriki, jina la mwanawe aliliandika kwa maji.

Yule mama alinifungia ngano iliyobaki kwenye karatasi. Njia nzima ya kurudi Kihesa nilifanya mazoezi kimdomomdomo. Nilikuwa nimeshaamua. Nitaingia, nitapiga goti, nitasema, "Shikamoo, Mama Daudi." Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba neno lile haliui.

Mama alikuwa jikoni. Nikampa karatasi, akauliza ni chakula cha nani.

"Cha Eleni. Alikufa. Mama yake anawapa watu wakile."

Mama aliila ngano yote, punje moja moja, akitafuna polepole. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

"Wa kwetu saba," akasema.

Akanitazama, akangoja. Ndugu zangu, alingoja! Leo nina wajukuu na bado naliona lile jicho. Mdomo niliufungua. Lakini Bibi alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, naye akakohoa, kikohozi kikavu cha makusudi. Nikaufunga. Mama akakunja karatasi vizuri, akaitia motoni, akaniambia nikachote maji.

Bibi alikufa baada ya miaka michache, na amri yake ikaendelea kututawala. Mazoea ni kitu kibaya. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa huku Mbeya. Baba alipofariki nikamleta Mama akae nami. Yale mawe mawili ya pembeni ya shamba hayapo tena, nyumba zimejengwa juu yake. Miaka yote hiyo niliishi naye na sikulitaja lile jina hata siku moja, nikidhani namhurumia.

Ugonjwa wake wa mwisho ulimnyamazisha. Siku tatu hakuitika mtu. Wajukuu waliita "Bibi", majirani wakaita "Mama Lusia", mchungaji akamwita kwa jina la ubatizo, naye amelala amefumba macho. Alasiri moja watu walipotoka nje nilibaki naye peke yangu. Nikapiga goti kando ya kitanda, na magoti yangu yenyewe yalikuwa yameshazeeka. Nikasema sikioni mwake, "Mama Daudi."

"Abee," akaitika.

Hakuchelewa hata kidogo. Sauti ilikuwa ya msichana. Akafumbua macho akanitafuta mpaka akaniona, akasema, "Mbona mmechelewa hivyo kuniita?"

Alifariki siku ya pili yake. Na wiki iliyopita jirani aliniletea sahani ya ile ngano yake, nami niliila mpaka mwisho, nikawataja wote kwa sauti, Eleni na Daudi na mama zao. Nilijua la kufanya tangu nina miaka minane, nilionyeshwa na mgeni mwenye Kiswahili kibovu kuliko wote Iringa. Lakini lile swali la Mama nalisikia mpaka leo.