Fomu Iliyonipima Mimba

Mtoto wetu wa nne alipozaliwa, mama watoto alivuja damu hadi daktari akanivuta kando. "Mzee, mtoto mwingine atamzika huyu mama." Siku hiyo hiyo nikaamua kwamba atakayefunga uzazi ni mimi.

Wenzangu kiwandani walinionya kwamba nitaota matiti na kuimba sauti ya kwanza na akina mama kanisani. Niliwapuuza. Tulijua sahihi ya mke inatosha, kwa hivyo nilitoka Ruiru na barua yake ya kukubali mfukoni nikaenda kliniki Thika. Sista akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Hii ni ya kitambo, baba. Siku hizi kuna kanuni mpya. Lazima mama akuje mwenyewe, na kuna fomu."

Wiki iliyofuata tukaenda wote wawili, mtoto mgongoni mwa mamake. Kliniki yenyewe ilikuwa ya wajawazito, na mwanaume benchini nilikuwa mimi tu.

"Wee, huyu ako na miezi ngapi?" mama mmoja wa mtaa wa Kiandutu akauliza. Benchi zima likaangua kicheko.

Tulipoingia, sista akafungua fomu. "Hedhi ya mwisho ilikuwa lini?"

"Sista, mimi ni mwanaume."

"Si naona. Lakini nikiacha hapo wazi, wakubwa watairudisha, na operesheni haitafanywa."

Nikaona heri nitoe tarehe ya mke wangu. Naye alikuwa ananyonyesha, hajaona siku zake tangu mwaka uliopita. Sista akahesabu kwa vidole, uso ukambadilika. Kwa hesabu ya fomu nilikuwa nimechelewa zaidi ya mwaka mzima, na kanuni mpya zilikataza kumpasua mtu anayeshukiwa kuwa na mimba. Nikapewa kichupa nilete mkojo. Kukojoa ukiwa na hasira si kazi rahisi, jaribu uone. Majibu yalipotoka kwamba sina mimba, sista alinipa pole na hongera kwa pamoja. Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta, na mimi nikashindwa kujizuia.

Likabaki swali moja, sista akalisoma.

"Mke wako akifa leo, hutataka kuzaa na mwingine?"

Kicheko kilinikauka. Mtu aliyenifanya nifike pale alikuwa ameketi kando yangu, mzima, na karatasi ilikuwa inamtafutia mrithi. Nilipiga meza nikasimama. Nilitaka kuichana ile fomu vipande vipande.

"Twende nyumbani," nikamwambia mke wangu.

Akanivuta shati. "Keti, baba watoto." Kisha akamgeukia sista. "Andika hivi: hataki nife. Na kama nafasi imebaki, ongeza kwamba hata mimi sitaki."

Sista akayaandika yote mawili, polepole, akaniambia nivue suruali.