Chai ya Jumapili Asubuhi

"Mama mdogo, ukitaka kutoka katikati ya mahubiri, unatokaje?"

Nilikuwa darasa la kwanza nilipomuuliza swali hilo, tumekaa mezani tunakunywa chai kabla ya ibada. Mama alinikata jicho mpaka nikashusha kikombe. Mama mdogo mwenyewe alicheka, akanipangusa makombo ya mkate mdomoni, akasema, "Mimi huwa sitaki kutoka." Basi, nikaridhika, nikaendelea kula. Sikuona kwamba kikombe chake kilikuwa bado kimefunikwa na kisahani, vilevile kilivyowekwa.

Mama mdogo ni fundi viatu. Miguu yake haijawahi kumbeba tangu utotoni, na kabla mtu hajafikiria la kusema, yeye huwa ameshalisema: "Karibu kwa fundi asiyemaliza soli." Kweli kabisa. Viatu vyake vyekundu amevivaa tangu sijazaliwa, na chini bado vinang'aa kama vya dukani. Meza yake ya kazi iko barazani kwetu, imejaa gundi, nyundo, visigino visivyo na wenyewe na redio inayokamata stesheni moja tu. Hapo barazani yeye ndiye mkubwa. Anapanga bei, anawafokea wanaochelewa kuchukua viatu vyao, anazunguka na kiti chake cha magurudumu kati ya meza na mlango bila kugusa kitu, utafikiri kiti kina macho.

Jumapili ukubwa huo ulikuwa unaishia chini ya ngazi za kanisa.

Kanisa lenyewe limejengwa juu ya msingi mrefu, na ngazi zake za mbele zimesimama wima. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba halikumkaribisha. Lilimkaribisha mpaka likapitiliza. Kulikuwa na wanaume wanne waliojiita Kikosi cha Upendo, kila mmoja na utepe wa kijani begani, na kazi yao ilikuwa kumsubiri yeye. Akifika tu wanamzunguka, mmoja anasema "haya, moja, mbili," na kiti kinapaa na mtu wake. Kiongozi wao alikuwa fundi mwashi mwenye kifua kama kabati, watu wakimwita Winchi, kama mashine ya kunyanyulia mizigo. Huko juu mama mdogo alizoea kutazama chini, kwenye viatu vyao, maana ukitazama nyuso za watu wanaokubeba unalazimika kutabasamu njia nzima.

"Kaka, kisigino chako cha kushoto kinaaga," alimwambia mmoja wao siku moja. "Kilete kesho kabla hujanimwaga."

Wote wakaangua kicheko, kiti kikayumba, naye akashika vyuma vya pembeni kwa nguvu huku akicheka pamoja nao. 

Wakishamfikisha ndani walimweka mbele kabisa, ubavuni mwa mimbari, uso ukiwaelekea waumini, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Hapo huwezi kupiga miayo. Huwezi hata kujikuna. Na mhubiri akiishiwa mifano, mfano ulikuwa pale pale mkononi. "Mtazameni dada yetu! Kama yeye amefika, wewe mwenye miguu miwili ulikuwa umelala unafanya nini?" Makofi. Mama mdogo anatabasamu. Kusema ukweli, kuna Jumapili na yeye angependa kulala, lakini Kikosi kizima kilikuwa kinamsubiri chini ya ngazi; utalalaje?

Na kutoka? Kutoka ilikuwa mpaka ibada iishe, matangazo yaishe, na Kikosi kimalize kusalimiana na watu. Vyoo viko chini, nyuma ya kanisa. Kwa hiyo kila wiki, kuanzia Jumamosi jioni, hakunywa kitu, si maji, si uji, si chai. Asubuhi alikaa na wenzake mezani na kikombe kilichofunikwa ili dada yake asianze maswali, halafu akaenda kumwimbia Mungu na koo lililokauka kama ngozi iliyosahauliwa juani. "Huwa sitaki" maana yake ilikuwa hiyo. Angemlalamikia nani? Unaanzaje kuwalalamikia watu wanaokupenda?

Ikaja Jumapili ya kuwaaga wageni waliokuwa wamelitembelea kanisa. Baada ya ibada watu walishuka uani kula, na mkuu wa kwaya akamfuata mama mdogo akimbembeleza: mkanda wa ngozi wa ngoma kubwa umekatika, fundi asaidie mara moja. Wakamsukuma hadi chumba cha nyuma ya mimbari, wakamwachia ngoma, naye akatoa sindano yake mkobani, akaanza kushona. Kikosi cha Upendo kilishuka kula. Kila mmoja wao akadhani kwamba mwenzake ndiye aliyekwenda kumchukua. Dada yake, yaani mama yangu, alikuwa nyumbani na homa, akadhani mdogo wake yuko kwenye sherehe. Mlinzi akachungulia kanisani, akaona benchi tupu, akafunga mlango mkubwa kwa ufunguo.

Mama mdogo alimaliza mkanda. Akaupiga piga, akauona uko sawa. Akajisukuma mpaka mlango mkubwa, akausukuma, haukwenda. Akaita. Akaita tena. Nje spika ilikuwa inaimba kwa sauti kumshinda, na katikati ya nyimbo alisikia vicheko, na sahani, na sauti ya Winchi akisimulia jambo. Alikwenda mlango wa pembeni, ule wa kuelekea kwenye bustani ya maua. Huo ulikuwa na komeo la ndani tu. Akalifungua! Mlango ukafunguka, upepo ukampiga usoni, na mbele ya magurudumu yake hapakuwa na kitu: ukuta wa msingi unashuka moja kwa moja hadi chini, urefu wa mtu mzima. Hapo ndipo alipokaa. Wanakwaya waliokuja mazoezini jioni ndio waliomkuta, mlango uko wazi, yeye anatazama maua.

Yaliyomkuta ndani mchana ule hakumsimulia mtu wakati huo. Mama alimvua gauni na kulifua jioni ileile, homa na yote, bila kuuliza neno.

Asubuhi yake Kikosi chote kilikuja barazani. Winchi alipiga magoti, mtu mzima yule, machozi yanamtoka. "Dada, tumekukosea. Kuanzia leo hatukuachi hata kidogo. Mmoja wetu atakaa nawe bega kwa bega, ibada nzima."

Jamani! Mtu anakuomba msamaha kwa kukufungia, halafu zawadi anayokuletea ni mlinzi. Mama mdogo aliwashukuru, akawakaribisha maji, na walipoondoka alipiga nyundo kwenye kisigino mpaka akakipasua.

Kisha akapiga moyo konde, akamwendea mchungaji. Alitaka kitu kimoja: mteremko wa saruji kwenye mlango wa pembeni, apande mwenyewe, ashuke mwenyewe.

"Wazo zuri sana, dada yangu," mchungaji alisema kwa upole. "Ila hawa ndugu tutawaambiaje? Itakuwa kama tunawanyang'anya huduma yao."

"Mchungaji, mimi ni muumini wa kanisa hili, au ni huduma ya watu?"

Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Tutajenga," akasema.

Na fundi wa kujenga angekuwa nani kama si Winchi? Alijitolea kwa mikono yake, hakutaka hata kibarua wa kumsaidia. Siku ya uzinduzi kulikuwa na utepe, mkasi na kwaya, na mama mdogo alivaa viatu vyake vyekundu vilivyopakwa rangi upya. Aliutazama mteremko kuanzia chini hadi juu. Ulikuwa mfupi, umesimama kama ubao wa kupakilia magunia kwenye lori. Alikata utepe, akashika magurudumu, akajikaza. Kiti kilipanda kidogo, magurudumu madogo ya mbele yakainuka hewani, na kabla hajarudi kinyumenyume mikono ilikuwa imeshamdaka.

"Usijisumbue, dada, tupo!" Winchi alisema, na kiti kikaenda juu kama mkokoteni. Watu wakashangilia. Huko juu akapewa kipaza sauti.

"Asante," alisema. "Asanteni sana."

Alikuwa amesema asante nyingi maishani, lakini ile ilimkwama. Zamani angalau angeweza kusema hakuna njia. Sasa njia si hiyo hapo, yenye utepe na picha? Aseme nini tena?

Jumapili iliyofuata alisema kichwa kinamuuma. Iliyofuata, kichwa tena.

"Hicho kichwa nacho," dada yake alimwambia akifunga kilemba, "kinajua siku za wiki kuliko mimi." Lakini hakumlazimisha.

Winchi ndiye aliyekuja, na kiatu cha kazi mkononi. Kiatu hakikuwa na ubovu wowote. Mama mdogo alikigeuza juu, akakigeuza chini.

"Hiki kinaumwa nini?"

"Kikague tu, dada."

"Kiko salama kuliko wewe. Sema kilichokuleta."

Winchi alikaa kwenye kigoda, kigoda kikalia. "Watu wanauliza. Wanasema umesusa. Wanasema tumekuudhi."

"Nisukume mpaka kanisani," mama mdogo alisema. "Sasa hivi."

Walipofika kwenye mlango wa pembeni alimwomba amkalishe kwenye ukingo wa matofali wa bustani. Kisha akamwonyesha kiti kitupu. "Kaa wewe. Haya, panda."

Winchi alicheka. Aliona mwenzake hacheki, akakaa. Aliyashika magurudumu kwa mikono ile inayobeba saruji, akasukuma. Akapanda kidogo, akatweta, akajaribu tena, na kiti kikamrudisha kinyumenyume mpaka ndani ya maua, miguu juu. Hapo mama mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Winchi naye alicheka, na petali nyekundu zimemganda kwenye ndevu, halafu taratibu kicheko kikamwisha.

"Nilijua," alisema, akiwa bado amelala kwenye udongo.

"Ulijua nini?"

"Nilipima vizuri, dada. Mimi ni fundi, naujua mteremko wa mtu kupanda mwenyewe. Ulitakiwa uwe mrefu, ukunje kona hapo kwenye maua." Alivuta pumzi. "Nikaufupisha. Kusoma Biblia mbele ya watu siwezi, kuimba siwezi, kuomba kwa maneno marefu siwezi. Kanisani mimi ni mgongo. Nikajiuliza, siku huyu akipanda mwenyewe, mimi nitakwenda kule kufanya nini?"

Mama mdogo alijipangusa machozi ya kicheko. Alikuwa na maneno makali aliyoyaweka tangu mchana ule wa mlango uliofungwa, na alikuwa ameshafungua mdomo kuyatoa. Lakini alimtazama yule bwana mkubwa kwenye maua, akaona kwamba na yeye wamemweka mahali akakaa hapohapo.

"Utakwenda kukaa," alimwambia. "Kama watu wengine. Na ukichoka, unapiga miayo."

"Kukaa tu?"

"Kaka Winchi, unajua ni miaka mingapi sijanywa chai Jumapili asubuhi?"

Hakujua. Akamwambia, na kwa nini. Winchi alisikiliza akitazama mikono yake. Kisha aliinuka, akamrudisha kwenye kiti, akaomba radhi kwa udongo uliobaki kwenye kitambaa, na kesho yake akarudi pale na nyundo kubwa, akaivunja kazi yake mwenyewe. Mchungaji alisikitikia maua. Mteremko wa pili ulikula nusu ya bustani, mrefu, umelala, na kona moja ya kupumzikia. Safari hii hakukuwa na utepe. Mama mdogo alikataa.

Sikuyajua haya yote yalipokuwa yakitokea. Nimeyaokota kidogo kidogo, mengine barazani nikimshikia uzi, mengine kwa Winchi mwenyewe. Ninachokikumbuka kwa macho yangu ni Jumapili moja, mimi nikiwa nimeshaingia sekondari. Asubuhi ile mama alimimina chai. Mama mdogo akaondoa kisahani, akanywa kikombe chote, akasogeza kikombe mbele. "Ongeza." Mama aliongeza, akamwaga mpaka mezani.

Kanisani siku hizo mama mdogo alikuwa anakaa mwisho wa benchi letu, sisi wote tukitazama mbele. Mchungaji alikuwa katikati ya hoja yake ya pili nilipoona kiti kinageuka. Vichwa viligeuka nacho. Winchi, benchi la nyuma yetu, aliinuka nusu. Nilimwona akijizuia, vidole vimekaza kwenye ubao wa mbele yake, kisha akarudi kukaa. Magurudumu yakapita mlango wa pembeni, yakashuka, yakakunja kona.

Nilihesabu mpaka nikashindwa kuvumilia, nikatoka mbio. Nilidhani nitamkuta vyooni. Alikuwa kwenye kona ya mteremko, chini ya jua, mikono mapajani, hafanyi kitu chochote.

"Mama mdogo, unaumwa?"

"Siumwi."

"Nikupeleke chooni?"

"Nimeshakwenda, nimerudi."

"Sasa mbona umekaa hapa nje?"

Alinitazama kama ananipima mguu wa kiatu. "Si wewe uliyeniuliza, mdomo umejaa mkate, kwamba nikitaka kutoka katikati ya mahubiri natokaje?"

Sikuamini kwamba bado analikumbuka. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nageuza kiti, natoka," alisema. "Halafu nakaa kidogo nisikilize kama kuna anayenifuata mbio, na kumbe ni wewe. Na kama mahubiri ni matamu, narudi. Leo ni matamu. Pisha njia, mwanangu, usinisukume."