Upepo wa Tairi la Mbele

Harufu ya gundi ya kuzibia pancha hunirudisha nyumbani kuliko harufu ya chakula chochote. Ikichanganyika na ya magunia ya alizeti, basi nimeshafika: niko sebuleni kwetu, nje kidogo ya Kiomboi, nina miaka kumi na miwili, na baiskeli zimeegemezwa ukutani chini ya kalenda ya kanisa. Kwetu baiskeli zililala ndani pamoja na sisi. Baba alisomba alizeti kutoka mashambani hadi kwenye mashine ya kukamulia mafuta, kaka yangu Elia alisomba maji na mkaa, na mimi nilikwenda na yangu shule na kisimani. Kulikuwa na moja ya marehemu mama, na hiyo haikupandwa na mtu. Bibi, mama yake baba, aliifuta vumbi kila Jumamosi, kisha akaguna. Kila asubuhi kabla ya uji Baba alichuchumaa mbele ya baiskeli hizo na kubonyeza tairi moja moja kwa dole gumba. Tairi lilitakiwa kuwa gumu kama jiwe. Likibonyea hata kidogo, pampu ilishushwa kutoka kwenye msumari wake, na mwenye baiskeli akajaza upepo mpaka jasho limtoke. Na Baba alikuwa na sababu, kwa kuwa ukibeba magunia mawili juu ya tairi laini, rimu inakata tyubu na siku yako imekwisha. Hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambako watu wanafanya vingine.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa hivyo, bibi akanilea hivyo, na sioni haya. Kwa hiyo Baba alipooa tena, baada ya mavuno, akamleta Debora kutoka Itigi na kutuamuru tumwite mama mdogo, mimi na bibi tulikuwa tumeshakaa tayari. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye katambuga za tairi la gari miguuni na dumu la asali kichwani. Bibi hakuigusa asali ile mpaka alipoona Elia anaila na hafi. Kisha, kama vile hilo halikutosha, siku moja mama mdogo alichukua baiskeli ya Baba, ile nzito ya chuma, akaipanda bila kushikiwa na akaenda nayo sokoni. Bibi alimuuliza mwanamke mzima alijifunzia wapi mambo hayo. Akajibu kwa adabu kwamba kwao alikuwa akiwafuata kaka zake vichakani, kwenye mizinga, na njia za huko ni mchanga mtupu. Bibi alitikisa kichwa akanitazama, nami nikamwelewa.

Msimu huohuo walikuja watu wa mradi wa michezo wakatangaza mashindano ya baiskeli za milimani, wavulana na wasichana. Njia yenyewe ilianzia uwanjani, ikapanda kwenye majabali ya ukingoni, ikashuka hadi kwenye korongo lenye mchanga, kisha ikarudi uwanjani. Wasichana wawili wa kwanza wangechukuliwa kufundishwa mbio na kwenda kushindana Singida mjini. Jamani, nilitaka nafasi ile mpaka nikakosa usingizi. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kununua vitu ovyo, alikwenda mjini akarudi na baiskeli ya mtumba yenye gia na tairi pana za meno, nyekundu, iliyochubuka rangi. Hapo ugomvi ukaanza. Baba alitaka kuifunga keria, maana baiskeli isiyo na keria kwake ilikuwa nusu ya baiskeli. Elia alisema hata madigadi yang'olewe. Yeye mwenyewe alijichagulia tairi nyembamba, akidai kitu chembamba kinakata upepo, na akazijaza mpaka zikalia. Mama mdogo alizungumza mara moja tu, asubuhi, akigawa uji. Alisema kwamba mtoto mwepesi kama mimi, mwenye tairi pana, akipita kwenye mchanga na mawe, inafaa apunguze upepo kidogo ili tairi likamate chini. Kwao Itigi ndivyo wanavyofanya. Baba alicheka, akamjibu kwamba kwao wanabeba asali, na hapa tunabeba magunia. Sote tukacheka, na mjadala ukaishia hapo.

Ndipo tairi langu la mbele lilipoanza kuamka laini. Asubuhi ya kwanza tulidhani ni mwiba. Elia alitoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni la maji akatafuta mapovu, na hakukuwa na povu hata moja. Tukajaza. Asubuhi iliyofuata dole gumba la Baba likazama tena. Machale yakanicheza: hapa kuna namna. Bibi yeye hakuhitaji machale. Alinivuta nyuma ya jiko akanieleza kwamba mwanamke ambaye hajazaa hawezi kumwona mtoto wa mwenzake anapanda juu akafurahi, na kwamba yale maneno ya Itigi yalikuwa kisingizio alichokiandaa mapema. Nikaona kweli, tena kweli tupu. Kila alilofanya mama mdogo tangu hapo likaongeza mashaka. Akinisuka nywele taratibu bila kunivuta, nilijiuliza anataka nini. Akiniwekea asali nyingi kwenye uji kuliko aliyomwekea Elia, nilijiuliza tena. Jioni moja bibi alitandaza majivu chini ya baiskeli yangu, membamba, kama anayechekecha unga. Kulipokucha kulikuwa na alama za katambuga, na tairi la mbele lilikuwa laini.

Baba alitazama majivu yale. Kisha akasema, mbele yetu sote, na mama mdogo akiwa palepale anakoroga uji: "Siku nitakayolikuta tena tairi la mwanangu halina upepo, huyu mama anarudi kwao Itigi." Mama mdogo aliendelea kukoroga mpaka uji ukaiva, akagawa kama kawaida, na bakuli langu likawa na asali. Nilifurahi, sitadanganya. Nilijiona nimeokolewa. Tangu asubuhi ile tairi likabaki gumu, na mimi nikafanya mazoezi juu ya tairi gumu kule kwenye majabali, nikirushwa huku na huku mpaka magoti yakachubuka. Mchangani gurudumu la mbele lilizama na kugeuka, nami nikaanguka kila nilipopita. Bibi alisema ni uchovu. Mimi nilianza kushuku kwamba nimelogwa.

Siku ya mashindano Baba alitangulia uwanjani na Elia. Mimi nilibaki nikifunga kamba za viatu, na nilipoinuka nikaweka dole gumba juu ya tairi, kama tulivyolelewa. Likazama. Nikabonyeza la nyuma, nalo likazama. Nikageukia ukutani kuchukua pampu, nikaukuta msumari mtupu. Mama mdogo hakuwepo jikoni wala uani. Nilijua kwamba nikimwambia Baba, yule mama jioni hatalala kwetu, na hilo ndilo nililokuwa nikiliombea. Lakini nilimjua baba yangu. Angesimamisha kila kitu, angempandishia mkewe sauti hadharani, na filimbi ingelia mimi nikiwa nalia pembeni. Nilifyata mdomo kwa ajili ya mbio zangu tu, wala si kwa huruma. Nilisukuma baiskeli hadi uwanjani nikajificha katikati ya wasichana wengine, nikihakikisha Baba hakaribii magurudumu yangu.

Tulipoondoka walinipita karibu wote, kwa sababu kwenye barabara ngumu tairi laini ni zito. Nilinyonga kwa hasira huku nikimtukana mama wa watu moyoni. Kisha tukaingia kwenye majabali. Pale nilipozoea kurushwa, baiskeli ilitulia. Meno ya tairi yalishika jiwe, yakapita, yakashika lingine. Wenzangu walikuwa wanaruka juu kama mahindi kikaangoni, wengine wameshashuka wanasukuma. Nilimpita binti aliyetoka Iguguno, nikampita na mwingine, na badala ya kushukuru nikazidi kuogopa, nikidhani huu ni mtego na tairi litapasuka sasa hivi. Tulipoteremka korongoni nikamwona mama mdogo amesimama peke yake ukingoni mwa mchanga, kitu kirefu kikichomoza chini ya kanga yake. Nikajua amekuja kunitazama nikianguka. Nilipomfikia alisema bila kupaza sauti, "Usishuke. Kaa kitini, nyonga tu." Sikuwa na nafasi ya kubishana naye. Nilikaa, nikanyonga, na mchanga ukanibeba. Nilitokea upande wa pili nikiwa bado juu ya baiskeli, na mbele yangu alibaki msichana mmoja tu, wa mjini, ambaye sikumpata.

Nilikuwa wa pili. Baba alinibeba juujuu mbele za watu, mtu ambaye hata harusini kwake hakuonyesha meno. Elia alikwisha kurudi kwa miguu, rimu yake ya mbele imejikunja kwenye majabali. Kisha Baba akafanya alichofanya maisha yake yote: alichuchumaa akaweka dole gumba juu ya tairi langu. Niliuona uso wake ukibadilika. Bibi naye akabonyeza, akasimama, akamwambia, "Ulisema." Wakati huo mama mdogo alikuwa anatokea korongoni. Alifika, akatoa pampu chini ya kanga akamkabidhi Baba kwa mikono miwili, akaeleza kwamba aliibeba hadi kule ili nikipata pancha awe karibu. Baba akamuuliza kama ni yeye aliyetoa upepo. Hilo lilikuwa swali la kwanza alilowahi kuulizwa juu ya jambo lile.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi tangu mwanzo. Mlitandaza majivu wakati mngeweza kuniuliza."

Baba aliigeuzageuza pampu mikononi. Watu walikuwa wanatazama, mama yake amesimama ubavuni, na neno lilikwisha kutoka. Mama mdogo hakumsubiri amalize kufikiri. Alitangulia nyumbani, akafunga vitu vyake, akafagia sebule na uwanja, akamuaga bibi kwa shikamoo kamili, akaondoka na basi la Singida. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia baki. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika baiskeli yangu. Alinipapasa kichwani, pale alipokuwa amenisuka, akaenda zake. Hapo nikalia, nikalia kweli, wala sikujua namlilia nani.

Nyumba ilipoa. Bibi alipata alichotaka na hakikumsaidia, akawa anaguna hata siku zisizo Jumamosi. Uji wa Elia ulikuwa na madonge. Siku moja nilimfuata Baba njiani, akiwa hana mzigo, nikamwona anasimama korongoni, anatazama nyuma kama mwizi, kisha anafungua valvu ya tairi lake la mbele na kuachia upepo. Akavuka mchanga. Akarudi, akavuka tena. Wiki haikuisha akapanda basi kwenda Itigi. Alivyosimulia miaka mingi baadaye, mashemeji walimkalisha nje juani, wakamuuliza kama kwetu Iramba mke huchunguzwa kwa majivu. Akaomba radhi. Mama mdogo alirudi naye na dumu jingine la asali, na bibi akala siku hiyohiyo bila kusubiri kumwona Elia.

Siku hizi naishi Singida mjini, na binti yangu ndiye anayeshindana. Mambo yamebadilika mno. Tairi zao hazina tyubu, ndani zinatiwa maji mazito yanayoziba mwiba peke yake, na kuna kipimo kinachoonyesha upepo kwa namba. Vijana wanabishana juu ya namba hizo kutwa nzima. Hata hivyo sivyo nilivyodhani, kwamba kipimo kitaondoa mashaka. Kocha anaishuku namba ya mwenzake, wazazi wanashuku makocha, na mimi nashuku wote, maana tabia haikuniacha. Mama mdogo amezeeka na anakaa nasi, yeye na kanga zake. Baba na bibi wote wametangulia. Jumamosi iliyopita, asubuhi ya mbio, nilipita sebuleni nikaweka dole gumba juu ya tairi la binti yangu. Likazama. Machale yakanicheza kama zamani, damu ikanipanda, nikamfuata mama mdogo jikoni alikokuwa anakoroga uji.

"Mama, umetoa upepo?"

"Nimetoa. Njia ya leo ina mchanga."

Nikachukua bakuli, nikakaa, nikamsubiri agawe.