Sala ya Alhamisi Kwenye Dikoda Mpya

Shida yangu ilianza mwaka wa 1967, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa akikata mti wa mtu huko Kiriaini, mti ukamwangukia, na tukamleta nyumbani kwa mkokoteni. Wiki iliyofuata mama alinitoa darasa la pili nikaenda kuchuma majani chai. Sikurudi shule tena. Nikiwa na kumi na tano nilikuwa Wang'uru nikibeba magunia ya mchele mgongoni, na nikiwa na ishirini na mbili nilikuwa Chaka nikivuta msumeno wa watu wawili.

Kwa hivyo nambari nazijua. Nitajie ubao wowote, futi ngapi kwa inchi ngapi, nakwambia ngapi zitatoka kwa gogo moja kabla hujamaliza kukohoa. Herufi ndizo zilinipita. Nazijua moja moja, lakini zikikaa pamoja nazisoma polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Haya mnayosoma nimeandika kwa mkono wangu, na mke wa mwanangu amerekebisha herufi. Maneno hajagusa. Nilimkataza.

Mke wangu alikuwa amefika darasa la saba. Karatasi zangu zote alisoma yeye: cheti cha shamba, barua za kaunti, mambo ya kibali cha miti. Nilimpa karatasi, akasoma, nikaamua. Tuliishi hivyo miaka arobaini na mbili na hakuna mtu Chaka aliyejua.

Halafu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka moja moja kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi. Tulimwekea kitanda sebuleni, mahali moto wa jiko unafika, kwa sababu huku kwetu Kieni baridi haina huruma. Mbele yake kulikuwa na televisheni.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi kulikuwa na kipindi cha sala kwa wagonjwa. Padri anaomba, kisha anasoma majina ya wagonjwa waliotumwa kutoka parokia, na majina yanapita chini ya picha. Mke wangu hakukosa hata mara moja. Dikoda ilikuwa ya zamani, picha ilikuwa kama kutazama kupitia maji yaliyooshewa mchele, lakini nambari ya chaneli niliijua. Mia moja na nne. Nabonyeza moja, sufuri, nne, padri anatokea.

Siku moja akina mama wa jumuiya ya kanisa walikuja kumwona. Mwenyekiti wao, mama wa sauti kubwa, akamwambia, "Tumetuma jina lako. Litasomwa Alhamisi ya wiki ijayo. Nchi nzima itakuombea, ukisikia kwa masikio yako."

Mke wangu alilia kwa jicho moja. Lile lingine lilikuwa halitoi tena. Akanitazama akasema, "Guka. Nataka. Kusikia."

Tangu tupate wajukuu aliniita hivyo, guka, yaani babu, nami nikamwita cucu, bibi. Tangu alale hapo hakuwa ameniomba kitu. Hata maji alisubiri aletewe. Hicho ndicho kitu kimoja alichoomba, na mimi nikaona nimpe kwa njia ya mtu mwenye uwezo.

Jirani yetu ni mwalimu aliyestaafu. Alikuwa ameweka dikoda ya HD na hakulala bila kumwambia mtu. Alikuja kwangu kuazima ngazi, akasimama mlangoni akitazama televisheni yetu.

"Mzee, kwako bado mnaangalia ukungu? Kwangu naona mpaka jasho la refa."

"Jasho la refa utakula?" nikamwuliza.

Akacheka, akachukua ngazi. Lakini alikuwa amenichoma. Nikafikiri: jina la mke wangu litapita kwa ukungu, na huyu mwenye ngazi yangu ataliona safi kuliko mwenyewe.

Nilimwambia mke wangu nanunua mpya. Akatikisa kichwa. "Hii. Inatosha."

"Inatosha maskini," nikasema.

Fundi alikuja Jumatatu kutoka Nyeri mjini. Mtu mzima, ana mvi, anajua kazi. Alishusha dishi ya zamani, akaweka mpya, akaleta na televisheni ya inchi hamsini na tano niliyokuwa nimelipia dukani. Ilipowaka, mimi mwenyewe nilirudi nyuma. Kulikuwa na mpira na ungeweza kuhesabu nyasi. Mke wangu akafungua mdomo. Nikasimama katikati ya nyumba kama mtu aliyeumba hizo nyasi.

Fundi akabonyeza kitufe na skrini yote ikajaa vijisanduku vyenye maandishi. "Mzee, hapa hakuna kukariri nambari. Nambari zote zimebadilika. Hii ni orodha ya vipindi. Kila chaneli, kila saa, leo mpaka wiki ijayo. Na ukitaka kutafuta, unaenda hapa, unaandika jina la kipindi, kinakuja chenyewe. Tumeelewana?"

"Kwani mimi ni mtoto?" nikasema.

Akauliza afanye nini na dikoda ya zamani. Nikamwambia abebe hiyo takataka aende nayo.

Jumanne nilibonyeza moja, sufuri, nne. Wakatokea samaki. Samaki wazuri, wa rangi, HD, wanazunguka tu. Nikafungua orodha. Nilikuwa nikimaliza kusoma kijisanduku kimoja, skrini inafifia na kurudi kwa samaki. Nikaanza tena, ikarudi tena. Ilikuwa na chaneli zaidi ya mia.

Mke wa mwanangu alikuwa akimlisha mama mkwe wake uji. Ni mwanamke mwenye akili, alimaliza kidato cha nne, na tangu mama alale ndiye aliyebeba nyumba hii. Akasema kwa upole, "Baba, wacha nikuonee."

"Kwani mimi ni kipofu?"

"Sijasema hivyo, baba."

"Basi lisha mama."

Nikangoja atoke kwenda kukama. Nikaenda pale fundi alionyesha, pa kutafuta. Unasogeza alama juu ya herufi, unabonyeza, unasogeza tena. Nikaandika kama tunavyosema: S, A, R, A. Nikasikia fahari, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeandika neno zima peke yangu. Mashine ikafikiri, ikaniletea mwanamke wa Kizungu mwenye nywele nyekundu akilia kwa gari. Nikafuta, nikaandika tena, pole pole. Nikaletewa yule yule. Bado analia.

Jumatano asubuhi niliwapigia simu kampuni, nikiwa nje nyuma ya boma. Akashika msichana.

"Nyinyi mmeficha sara," nikamwambia.

"Samahani, mzee, tumemficha nani?"

"Sara! Sara ya wagonjwa. Ya Alhamisi."

"Huyo Sara ndiye mgonjwa?"

"Msichana, usinicheze. Ni ya kanisa. Ya kuomba Mungu."

"Ah! Sala?"

"Si ndiyo hiyo nasema, sara!"

"Haya, nitajie vile umeandika, mzee. Herufi moja moja."

"S. A. R. A."

Akacheka. Hakucheka vibaya, leo najua. Lakini nilimsikia akimwambia mwenzake jambo, na huyo naye akacheka. Kisha akasema, "Mzee wangu, hapo ndipo ume—" nikakata simu.

Nimebeba magunia ya watu. Nimelala kwa maranda ya mbao nikiwa na nyumonia. Sitachekwa na mtoto kwa simu. Hivyo ndivyo nilijiambia nikirudi kwa nyumba, na nilijiambia pia kwamba hiyo kampuni haina kipindi hicho, na kama inacho, kitajitokeza chenyewe saa ikifika.

Alhamisi mke wa mwanangu aliamka mapema. Alimwogesha mama, akamvalisha kitambaa cha kichwa cha jumuiya, akamkalisha kwa mito mitatu, akamwekea rozari kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Alimpangusa mdomo. Mke wangu alikuwa kama mtu anayengoja kubatizwa.

Ilipofika saa mbili na nusu nilimwambia mke wa mwanangu aende Nyeri kuchukua dawa.

"Leo, baba? Dawa ziko za siku nne."

"Nimesema leo."

"Basi nikuwekee kwanza kipindi ndio niende."

"Enda."

Alimtazama mama, akanitazama, akachukua mwavuli akaenda. Nilimtuma kwa sababu sikutaka anione nikishindwa. Hakuna sababu nyingine, na sitaitafuta.

Saa nne. Nilishika rimoti nikasimama mbele ya skrini. Nikafungua orodha, ikafifia. Nikapitia chaneli moja moja: katuni, bunge, ngumi, watu wanapika, mhubiri wa dini nyingine akipiga kelele, samaki. Nikaandika tena. Mwanamke wa nywele nyekundu. Nyuma yangu nilisikia rozari ikigonga chuma cha kitanda.

"Guka," akasema.

"Ngoja."

"Guka. Nipe."

"Nimesema ngoja!"

Nilidhani anataka maji. Wakati huo nilidhani hivyo kabisa. Sikugeuka. Ilipofika saa tano kasoro dakika kumi nikazima, nikamwambia, "Wamekitoa. Hiyo kampuni ni ya washenzi. Nitawashtaki." Akafunga macho.

Saa nane wale akina mama wakaja, kumi na mmoja, wakiimba kutoka langoni. Mwenyekiti akaingia mikono juu.

"Mama! Tumekusikia! Jina lako lilikuwa la tatu! Na padri akalirudia, ati alipenda jina la parokia yetu. Nililia mpaka chai ikamwagika. Si mliona?"

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu yeye hawezi kujibu haraka.

"Tuliona," nikasema. "Safi kabisa. HD."

Wakapiga vigelegele. Mke wangu akageuza uso ukutani. Wakasema amezidiwa na furaha, wakamwimbia wimbo mwingine.

Mke wa mwanangu alirudi jioni na dawa. Alichukua rimoti, akaenda pa kutafuta, akaona maandishi yangu bado yamekaa pale. Kisha akasema, sauti ya chini, kama mtu anayemwambia baba mkwe kwamba suruali yake imefunguka, "Baba, hii ni L."

Kikwetu hakuna hiyo herufi. Ulimi wetu wa mlimani una R peke yake, na mtu wa shule hufundishwa kuzitenganisha kwa kiboko. Mimi sikukaa shuleni mpaka hicho kiboko kifike. Kwa masikio yangu hayo maneno ni moja, mpaka leo.

Aliandika, na kipindi kikatokea mara moja: Alhamisi, saa nne. Nikamwuliza kama watarudia. Akatafuta siku zote mbele. "Hawarudii, baba. Alhamisi ijayo ni majina mengine."

Hapo ndipo mke wangu aliongea. Alichukua muda mrefu, na hatukumkatiza.

"Macho. Yangu. Hayajapooza. Ungeniuliza. Mimi. Ningesoma."

Aliinua ule mkono wa kushoto, mzima, akauonyesha. Nikakumbuka alivyoniambia nimpe. Haikuwa maji. Alitaka rimoti.

Miaka arobaini na mbili alinisomea, na alipoanguka nilimfanya kama aliyeanguka na macho na akili pia. Sikuwahi kumletea karatasi tena tangu alale. Karatasi nilizifungia kabatini bila kusomwa. Nilienda nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Hakutaka televisheni tena. Nilimpa rimoti kesho yake, nikaiweka kwa mkono wake, akaiacha ianguke kwa blanketi. Alitaka kitanda kigeuzwe kielekee dirishani, tukakigeuza. Tuliongea mambo ya uji na ya dawa. Alikufa siku kumi na tisa baadaye, asubuhi, mke wa mwanangu akimpaka mafuta miguu. Mimi nilikuwa Chaka, kwenye kiwanda changu cha mbao.

Kwa mazishi mwenyekiti wa jumuiya alipewa kipaza sauti. Alisema marehemu aliondoka na furaha, kwa sababu alisikia jina lake likiombewa na nchi nzima, akiwa kwa kitanda chake, mumewe kando yake, kwa televisheni mpya ambayo mumewe alimnunulia. Watu wakapiga makofi. Jirani yangu mwalimu akanipiga bega. Mwanangu alilia. Mke wa mwanangu alitazama chini, na nilijua hatasema kamwe.

Nilikuwa na nafasi ya kusimama pale nikanyoosha mambo. Nilipewa kipaza sauti baada ya mwenyekiti, na nikashukuru watu kwa kuja.

Kwa hivyo nanyoosha hapa. Hakusikia. Jina lake lilisomwa na hakulisikia, na aliyemzuia ni mimi, si kampuni, si fundi, si msichana wa simu.

Niko na miaka sitini na saba. Vitu nilivyo navyo leo ni hivi:

Shamba la ekari nne Kieni, cheti kwa jina langu.

Nyumba ya mawe, vyumba vitano, mabati ya rangi.

Kiwanda cha mbao Chaka, misumeno miwili ya umeme na mmoja wa dizeli.

Pikapu moja. Inawaka.

Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba.

Televisheni ya inchi hamsini na tano na dikoda ya HD.

Kitanda kimoja cha hospitali, kiko stoo.

Tangi la maji la lita elfu kumi.

Suti mbili.

Mashine ya kukata majani ya ng'ombe.

Kabati la chuma lenye karatasi. Mke wa mwanangu amefika nusu kuzisoma.